Matangi Thelathini na Matatu

Chumba cha majaribio, karakana
Jumanne, tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikata sijafika hata nusu, na mtandao wa huko ukikusaidia kunikata ndiyo unafurahi kabisa. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, hata kwa kununa. Dereva wa gari la vipuri anasema anapita kituoni kwenu kila Jumatano na kurudi Ijumaa. Basi yeye ndiye posta yetu, na nimeshamwonya asiitumie bahasha kufutia vumbi kwenye kioo.

Kaka yako hajambo. Siku hizi karakana nzima inamwita Spana, hata mimi nimeanza kumwita hivyo nikiwa nimechukia. Yuko njiani siku nne kwa wiki kufunga matangi ya hewa kwa wateja. Leo gereji, kesho kwa dobi, keshokutwa kiwanda cha mikate. Akirudi anakula amesimama mlangoni, ananiambia amechoka, halafu anauliza kama kuna tangi jingine tayari. Kwa kukosa utulivu nyinyi wawili mmezaliwa tumbo moja kweli.

Sasa nije kwako. Uliniachia ufunguo, muhuri na ile programu yako, ukiwa umeshavaa koti. Hukukaa hata dakika tano kunieleza. Mtu asiyejua akiichungulia atadhani ni ramani ya mabomba iliyochorwa na mgonjwa wa homa. Visanduku huku, visanduku kule, nyaya za rangi zote zimepishana kwenye skrini, na hakuna neno hata moja la maelezo. Nilikaa nayo siku mbili mpaka nikaielewa. Kisanduku hiki kinasoma presha ya tangi, kile kinahesabu dakika kumi, kingine kinasoma presha tena, cha mwisho kinatoa hesabu. Presha ikiwa imeshuka, tangi linavuja na linarudi kwa fundi wa kuchomelea. Ikiwa haijashuka, taa ya kijani inawaka, napiga muhuri kwenye kadi, Spana analibeba.

Jumamosi moja nikaifanyia usafi, usinikasirikie. Nilivipanga visanduku vyote kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anavyosoma, nikanyoosha nyaya. Kulikuwa na waya mmoja wa njano uliokuwa unazunguka tu, haubebi namba yoyote. Nikaufuta. Programu haikulalamika, na sasa inapendeza hata kwa mgeni.

Halafu sikia hili. Tangu uondoke hakuna tangi hata moja lililokataliwa. Hata moja, wifi. Meneja ananiita Mkono wa Heri mbele za watu. Najua ni kilemba cha ukoka, lakini nimekivaa na kimenikaa vizuri. Fundi wa kuchomelea naye anatembea kifua mbele utadhani kapandishwa cheo. Nimejipatia na kiti: lile tangi la kutu ulilolitupa nyuma ya mlango nimeliwekea mto, na hapo ndipo ninapoandikia.

Niambie kwa nini uliondoka vile. Hata Spana hajui, na mimi nimechoka kumjibu kwamba sijui.

Wifi yako,
Mwenye Muhuri


Kituo cha pampu
Alhamisi, tarehe 5 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na jibu nalo naliandika nimesimama. Hapa hakuna kukaa. Kuna pampu nne, moja ikizima nyingine inawaka yenyewe kwa programu ninayoijenga, na kila moja inapowaka mimi huyo, nanyanyuka kwenda kuangalia kama imewaka kwa sababu niliyoitaka au kwa sababu zake. Mlinzi ameniuliza kama nina mdudu kwenye kiti.

Niliondoka vile kwa sababu meneja alinichosha. Kila asubuhi "harakisha", kila jioni "harakisha". Nafasi ya huku ilipotokea nikaona nikikaa kuaga nitabadili mawazo. Mwambie kaka hivyo. Yeye ananijua.

Kuhusu nyaya zangu: hazikuwa na homa, ni wewe uliyezisoma kama gazeti. Katika programu hizi, kisanduku kukaa kushoto hakukipi zamu ya kwanza. Kisanduku hakijui kushoto wala kulia. Kinasubiri tu nyaya zote zinazoingia kwake zilete kitu, zikishaleta kinafanya kazi papo hapo. Ukitaka cha pili kikisubiri cha kwanza, lazima waya utoke kwa cha kwanza uingie kwa cha pili, hata kama waya huo haubebi namba. Kazi yake ni kusubirisha. Bila huo, viwili hivyo vinaweza kuanza kwa pamoja, na hutaona kosa lolote kwenye skrini.

Kwa hiyo niambie, huo wa njano ulitoka wapi na uliingia wapi? Nichoree kwa mkono programu yote ilivyo sasa, na kama ulihifadhi ile ya zamani, nichoree hata hiyo. Hasa kisanduku cha saa.

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa nakataa tangi moja katika kila kumi na mbili hivi, na yule fundi wa kuchomelea ni yule yule, sijasikia amekwenda kusoma. Labda amebadilisha vijiti vya kuchomelea. Labda ni mimi tu na wasiwasi wangu.

Na hilo unalolikalia, shuka. Linaitwa Mgonjwa. Lina kitundu chembamba chini ya mguu wa nyuma, tulikitoboa makusudi. Mtu wa zamani aliyenifundisha mimi alikuwa analipima Mgonjwa kila Jumatatu asubuhi kabla ya tangi lolote. Mgonjwa akikataliwa, mashine iko timamu, kazi inaanza. Nilipaswa kukwambia. Mpime siku ukipata nafasi.

Usimwambie meneja chochote kwanza. Ni mtu wa kupiga kelele kabla hajaelewa. Tuangalie wenyewe mimi na wewe.

Wifi yako,
Bi Nyaya


Chumba cha majaribio
Jumanne, tarehe 10 Februari

Wifi,

Nimekupigia mara sita tangu asubuhi, simu inaita kidogo inapotea. Naandika haraka, dereva anaondoka kesho alfajiri.

Ijumaa barua yako ilifika nikiwa na matangi matano kwenye foleni na meneja amesimama mlangoni, nikasema nitampima Mgonjwa Jumatatu, kama ilivyokuwa desturi yenu. Ulisema nikipata nafasi. Nilimpima jana. Nilimfunga kwenye mpira wa hewa, nikajaza presha, nikabonyeza kitufe, nikasubiri dakika kumi zangu. Nilikuwa nasikia kwa masikio yangu upepo ukitoka chini ya mguu wa nyuma, unafanya ss, ss. Dakika ya kumi ilipokwisha taa ya kijani ikawaka.

Nikarudia. Ikawaka tena. Mara ya tatu nikashika kitundu chenyewe kwa kidole, upepo unanipuliza, na skrini inaniambia tangi ni zima.

Nikaketi chini sakafuni, maana kiti changu ndicho kilichokuwa kimefungwa kwenye mpira. Halafu nikasoma barua yako upya na nikaelewa. Kisanduku cha pili cha presha hakisubiri saa. Vyote viwili vinasoma mwanzoni, sekunde ile ile, na saa inahesabu dakika kumi zake pembeni peke yake. Namba ya kwanza na ya pili lazima zifanane, zimesomwa pamoja. Tangu Januari nimekaa kwenye chumba hiki nikisubiri dakika kumi kwa kila tangi na hakuna kitu kilichokuwa kinapimwa. Ningeweza kwenda zangu sokoni.

Ni ule waya wa njano, sivyo? Nimekuchorea kila kitu kwenye karatasi mbili ndani ya bahasha, hii ya sasa na ile ya zamani kama ninavyoikumbuka kichwani. Nilichora haraka haraka, samahani kwa mistari.

Matangi thelathini na matatu yametoka na muhuri wangu. Ishirini na manne yameshafungwa kwa wateja. Tisa yako kwenye gari la Spana, na Spana aliondoka Jumapili kwenda kule kusikokuwa na mtandao, anarudi Ijumaa. Nimeacha ujumbe kwa kila mteja nimjuaye yuko kwenye njia yake.

Nimesimamisha kazi leo kwa kisingizio cha kusafisha mipira. Meneja amepita mara mbili kuuliza. Sikumwambia, kwa sababu ulisema nisimwambie, lakini wifi, siwezi kukaa na kitu hiki siku nyingine. Nijibu kama ni waya wangu. Nataka nikienda kwake niwe najua ninachokisema.

Wifi yako


Kituo cha pampu
Alhamisi, tarehe 12 Februari

Wifi,

Ulinisikia jana kwenye simu mpaka wapi? Nilikuwa nimepanda juu ya paa la kituo, nikishuka ngazi moja tu sauti inapotea. Narudia hapa yote ili uwe nayo kwenye karatasi.

Chukua waya kutoka pembe ya chini ya kisanduku cha saa, uingize kwenye pembe ya chini ya kisanduku cha pili cha presha. Ukifanya hivyo kisanduku cha pili hakitagusa chochote mpaka saa imalize. Kisha mpime Mgonjwa. Asipokataliwa mara tatu mfululizo, usipime tangi lingine lolote.

Matangi yote thelathini na matatu yarudi au yafuatwe yalipo. Kabla ya kulifikia kila moja, mteja alitoe hewa yote na asilijaze tena. Ya Spana ndiyo ya kwanza. Kama hapatikani, mtume mtu kwa pikipiki amfuate kwenye njia yake. Usingoje arudi.

Meneja mwambie leo. Nilikosea kukwambia usubiri.

Kuhusu waya wa njano, michoro nimeiona, lakini mistari imepishana na huwezi kusema kitu kwa uhakika kutoka kwenye karatasi. Nakala yangu iko kwenye flashi, na flashi iko mahali fulani kwenye mizigo ambayo bado sijaifungua. Sasa hivi la muhimu si nani, ni matangi. Mambo haya hutokea kwa mtu yeyote, wewe usijitese sana.

Nisamehe, pampu ya tatu imezima.

Wifi yako


Karakana
Jumanne, tarehe 3 Machi

Wifi yangu,

Wiki tatu sijakuandikia, wala wewe hukuandika. Nadhani kaka yako mmeongea, au labda hamkuongea. Siku hizi hasemi.

Nikupe habari kwa mpangilio, maana vinginevyo nitaanza kulia na karatasi ni hii moja.

Kwenye simu sikusikia ila mikwaruzo, kwa hiyo waya niliuweka Ijumaa barua yako ilipofika, kama ulivyosema. Mgonjwa akakataliwa mara tatu, taa nyekundu, nikamshukuru kama mtu. Halafu nikaenda ofisini kwa meneja, nikafunga mlango, nikamweleza. Hakupiga kelele kama tulivyodhani. Alitoa kadi thelathini na tatu kwenye faili, akazipanga mezani moja moja, akaniuliza kama muhuri ule ni wangu. Nikasema ni wangu. Basi, akanyoosha mkono niuweke pale mezani.

Siku hiyo hiyo alipeleka watu njia zote, lazima niseme hivyo, alihangaika kweli. Matangi yamerudi na nimeruhusiwa kusimama pembeni yakipimwa upya. Ishirini na tisa ni mazima. Manne yalivuja. Matatu kati ya hayo yalikuwa yanavuja tu, mteja alikuwa anashangaa kwa nini kompresa yake haipumziki.

La nne lilikuwa kwa dobi, na Spana ndiye aliyekuwa amelifunga. Mtu wa pikipiki, niliyemtuma mwenyewe mara tu nilipoisoma barua yako, alifika kama saa nzima amechelewa. Kaka yako alisikia linapiga mluzi kwenye shingo ya bomba, pale palipochomelewa, akapeleka mkono ahisi upepo unatokea wapi, kama anavyofanya siku zote. Shingo ikafyatuka. Ilimpiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mifupa miwili imevunjika. Daktari anasema mkono utapona, ila kuuzungusha kama zamani hajui. Kazi yake yote ni kuzungusha, wifi.

Tulipokuwa hospitali aliniuliza neno moja tu. Aliniuliza, "Wewe ndiye uliyesaini?" Nikamwambia, "Ndiyo, mimi." Akageukia ukutani. Tangu hapo ananiomba chumvi kwa kunionyesha kwa kidole. Anatembea nyumba nzima kutwa, kutoka dirishani mpaka mlangoni, na mimi namfuata kwa macho kwa sababu siruhusiwi kumfuata kwa miguu.

Mimi sasa niko sehemu ya rangi. Napiga rangi matangi yanayopimwa na mtu mwingine. Yule kijana wanaomfundisha anampima Mgonjwa kila Jumatatu, hilo nililipigania mpaka likakubaliwa, na meneja ameliandika ukutani kwa herufi kubwa.

Nilitaka pia kukushukuru. Hukunilaumu hata kidogo. Mtu mwingine angesema, nilikuachia programu nzima ukafuta waya. Wewe ulisema tu mambo haya hutokea. Nimelifikiria sana neno lako hilo.

Wifi yako,
Mpaka Rangi


Kituo cha pampu
Alhamisi, tarehe 12 Machi

Wifi,

Ijumaa iliyopita dereva alinisubiri getini nusu saa, nikamwambia sina barua. Ilikuwapo mfukoni. Nimeiandika upya mara nyingi tangu barua yako ifike, na kila mara naikuta imejaa maneno ya kujitetea. Hii ya leo itakuwa fupi.

Flashi haikuwa kwenye mizigo. Ilikuwa kwenye droo ya meza hii. Niliifungua siku ile ile michoro yako ilipofika, tarehe kumi na moja Februari, kabla hata sijapanda paani kukupigia. Nikafungua nakala yangu ya mwisho, ile ya Ijumaa niliyokukabidhi ufunguo.

Waya wa kusubirisha haukuwapo humo.

Wewe hukuufuta. Ule wa njano ulioufuta ulikuwa unaisubirisha kadi isichapwe mapema, ungekuwapo au usingekuwapo matangi yasingejua. Ule wa saa niliukata mimi. Ijumaa ile meneja alitaka taa ya kijani ionekane kubwa kutoka mlangoni ili asiwe anaingia. Nilichomoa waya wa saa ili nipate nafasi ya kupitisha ule wa taa, nikiwa na nia ya kuurudisha. Gari lilipiga honi. Nikahifadhi, nikavaa koti. Ndiyo maana sikukaa dakika tano na wewe. Ningekaa, ungeniuliza swali lolote la kijinga na ningeona.

Na ningemtia Mgonjwa kwenye mpira kabla ya kuondoka, angenikataza kutoka. Lakini nilikuwa nimeacha kumpima tangu mwaka jana. Nilijiona najua. Desturi ile niliyokuelezea kwa madaha, mimi mwenyewe sikuwa naifuata.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonitembeza huku na huko. Barua yako ya kwanza, uliposema tangu niondoke hakuna lililokataliwa, moyo ulinilipuka. Haukuwa wasiwasi kama nilivyokuandikia. Nilijua kuna kitu kimeharibika, sikujua tu ni mkono wa nani. Nilipaswa kupanda paani siku hiyo na kusema simamisha kila kitu. Badala yake nikakuomba michoro, nikakuambia umpime Mgonjwa ukipata nafasi, nikakukataza kumwambia meneja, kwa sababu nilitaka nijue kwanza kama ni mimi. Hizo ni siku saba. Kaka alikuwa bado yuko mjini.

Halafu nilipojua ni mimi, nikakuacha uamini ni wewe. Niliona nafasi yangu hapa, nikaona watu wakisema programu zote za yule mwanamke zikaguliwe. Nikaogopa. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo, nimeitafuta.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya meneja, imefungwa. Nimemweleza yote kama nilivyokueleza, na flashi nimeiambatanisha. Nakuomba umpelekee. Atakurudishia muhuri, hana namna. Kaka nitamwandikia pia nikipata maneno, au wewe mweleze, wewe unajua kumwendea.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu uichukue barua hiyo ofisini.

Wifi yako


Nyumbani
Jumanne, tarehe 17 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa peke yangu, na nimefurahi imekuja. Nilianza kuogopa haitakuja.

Nilijua. Kabla ya kufanya usafi wangu ule, nilihifadhi programu yako ilivyokuwa, kwa jina lingine, maana mimi ni mwoga na vitu vya watu, kisha nikaisahau hata uliponiuliza. Tarehe kumi na tatu Februari, Ijumaa, nilipomaliza kuweka waya uliouelekeza, nikajiuliza mbona pale nilipouweka sikumbuki kufuta kitu. Nikaifungua ile ya zamani. Nikamfunga Mgonjwa kwenye mpira, nikampima kwa programu yako, bila mkono wangu hata kidogo. Taa ikawaka kijani.

Jioni ile ndipo nilipoenda kwa meneja. Nilikuwa najua tayari. Ila hapo nilikuwa nimetoka kuambiwa kwa simu kuhusu mkono wa Spana, na nikiwa nimesimama mbele ya meza ile nikawaza kwamba nikisema jina lako, mume wangu atakuwa amevunjwa mkono na dada yake. Meneja hakuniuliza nani alikata waya. Aliniuliza muhuri ni wa nani. Nikamjibu ukweli. Kadi thelathini na tatu nilizisaini mimi, nikiwa nimekalia kitu pekee ambacho kingeniambia ukweli, na sikuwahi kuuliza ni kitu gani. Hilo ni langu, hata ukiandika barua kumi hutaliondoa, na sitaki uliondoe.

Kwa hiyo usinione mtakatifu. Wiki zote hizi nimekaa nikikusubiri, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Ile asante ya barua iliyopita niliiandika ili ikuume. Nimefurahi imekuuma, na nimeona aibu kwamba nimefurahi.

Spana bado hajui. Jana alijaribu kufungua kifuniko cha chupa kwa mkono wa kushoto, ikamshinda, akaiweka chini taratibu, akaniangalia kama anataka kusema kitu. Kisha akarudi dirishani. Siwezi kuendelea kuishi ndani ya kimya hicho kwa niaba yako, wifi. Nilikibeba nikidhani namlinda, kumbe nimemwacha peke yake na uongo.

Barua ya meneja nakurudishia, iko humu humu haijafunguliwa, pamoja na flashi. Sitaipeleka. Ofisi yake unaijua, utaipeleka mwenyewe. Wala kaka yako sitamweleza, na usimwandikie. Amechoka kusoma kadi na karatasi za watu walioko mbali.

Dereva anasema Ijumaa kiti cha mbele kiko wazi. Jumamosi tupo nyumbani kutwa. Yeye mkono wake haujaweza kushika kitasa, kwa hiyo ukibisha nitakufungulia mimi.

Wifi yako